Taa za bweni zikizimwa, mwalimu yuko wapi?

Usiku wake wa kwanza bwenini, mono, yaani mwanafunzi mgeni, huamriwa azime taa ya umeme kwa kuipuliza. Akiishiwa pumzi hupewa kiatu, ampigie mama "simu" na kumweleza jinsi shule ilivyo nzuri. Bweni zima huangua kicheko. Kufikia wiki ya pili, mkate wake wa asubuhi una mwenyewe, na sabuni yake vilevile.

Wakenya wengi waliosoma shule za bweni husimulia visa hivi harusini huku wakifuta machozi ya kicheko. Kumbe watoto nao wanasikiliza. Kijana aliyekua akimsikia babake akijigamba kwamba umono ndio uliomkomaza, atampigiaje simu akilia?

Sheria haina utata. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza kumtesa mwanafunzi kimwili au kisaikolojia. Anayekiuka anaweza kutozwa faini ya hadi Sh100,000, kufungwa hadi miezi sita, au yote mawili. Lakini mwaka 2017 Shule ya Upili ya Alliance, hiyo inayojivunia mawaziri na majaji, ilichunguzwa kufuatia malalamiko kwamba wanafunzi wakubwa, viranja wakiwemo, waliwapiga wageni. Mwalimu mkuu alistaafu mapema.

Viranja! Nani aliwapa kiboko? Baada ya masomo ya jioni, mwalimu wa zamu akishaenda kulala, mamia ya watoto hubaki mikononi mwa kijana wa miaka 17. Yeye ndiye polisi, yeye ndiye hakimu. Shule huokoa gharama ya mlezi, mono hulipa.

Wakati mwingine kiranja naye hulipa. Mei 1999, katika Shule ya Upili ya Nyeri, wanafunzi waliwamwagia petroli viranja wanne waliokuwa wamelala chumbani mwao na kuwachoma. Wote wanne walifariki.

Kwa maoni ya safu hii, kiranja apige kengele na asimamie foleni ya chakula, basi. Adhabu iwe ya mwalimu, na kila bweni lilale na mtu mzima anayelipwa kwa kazi hiyo. Nawe mzazi, siku ya kutembelea watoto, kabla hujauliza alama za hisabati, muulize mwanao anakula na nani, na kama lile blanketi ulilomnunulia Januari bado anajifunika yeye.