Mwenye Fedha Kidogo Anunue Kamera Iliyo Imara

Mwezi wa Julai, pepo za kusi zikivuma kwa nguvu zake zote, nilisimama alfajiri chini ya kuta za Ngome ya Yesu hapa Mombasa na kamera ya mbao nyepesi niliyoinunua kwa akiba ya miaka miwili, nikatumia karatasi sita za filamu ya inchi 4 kwa 5, na nilipozisafisha usiku ule sikupata hata moja iliyotoka safi. Ukuta ule wa matumbawe, ulioanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ulionekana kama kitu kilichotazamwa kwa macho yenye machozi.

Sababu niliitafuta kwa siku tatu. Kila nilipokwisha kulenga sawasawa katika kioo cha ukungu, nikatia kibebeo cha filamu mahali pake, ile nguzo ya mbele inayoshika lenzi ilirudi nyuma kadiri ya unene wa ukucha, kwani parafujo yake ya kukazia ilikuwa dhaifu; na mvukuto, uliokuwa umekunjuliwa baina ya lenzi na filamu, uliupokea upepo kama tanga la dau na kuitikisa kamera nzima muda wote lenzi ilipokuwa wazi.

Nasema haya kwa sababu vijana wengi wanaoipenda sanaa hii hupewa nasaha ya kwamba mwenye mfuko mwembamba achukue kamera iliyo nyepesi na rahisi kuliko zote, kisha taratibu apande daraja. Nasaha hiyo naipinga kwa moyo wangu wote. Tajiri akikosea katika ununuzi ana kamera ya pili kabatini, na fundi wa kuipelekea hata akiwa ng'ambo. Bali maskini ana moja tu, na karatasi moja ya filamu ya rangi humgharimu zaidi ya chakula chake cha kutwa, basi kila karatasi inayoharibika kwa kulegea kwa parafujo ni nyongeza ya bei ya kamera ile aliyodhani kuwa ni rahisi. Uimara, kwa mtu wa namna hiyo, ni katika faradhi za kazi yake.

Kamera ninayomwelekeza ni kongwe: Crown Graphic, iliyotengenezwa na Graflex wa Rochester, Marekani, tangu 1947 hata 1973. Ni ndugu wa Speed Graphic, kamera ya waandishi wa magazeti wa zama zile, ambayo Joe Rosenthal alikuwa nayo kisiwani Iwo Jima mwaka 1945 alipoipiga picha ya askari wakisimamisha bendera. Ni sanduku la mkangazi lililovikwa ngozi. Kifuniko chake cha mbele hushuka kikawa kitako, kikashikwa na mikono miwili ya chuma kwa mlio mkavu unaosikika, na nguzo ya lenzi hupita juu ya reli za chuma mpaka mahali pake, ikabanwa, isicheze tena. Speed Graphic ina shata ya pili ya kitambaa ndani ya mwili wake, ambayo ni uzito zaidi na ni kitu kimoja zaidi cha kuharibika. Ndiyo maana nachagua Crown. Ila yake siifichi: lenzi hupanda kidogo tu, wala haiinami kwa uhuru, na atakaye kupiga mnara wa msikiti kwa karibu atasikitika. Linhof Technika ya Munich hufanya hayo yote kwa umadhubuti uleule, lakini bei yake si ya watu ninaowaandikia.

Wala mbao si adui yangu. Mafundi wa Uingereza walipata kutengeneza kamera za nchi za joto kwa msaji uliofungwa kwa vipande vya shaba, kwa kuwa walijua kwamba gundi pekee haiaminiki penye unyevu. Ubovu uko katika maungo. Kwa hiyo anunuaye chombo kikuukuu aishike nguzo ya lenzi kwa vidole viwili na kuitikisa, kisha aingie chumba cha giza, atie tochi inayowaka ndani ya kamera na kuuzungusha mvukuto polepole mbele ya macho yake, hasa pembe za mikunjo, ambako ngozi huchakaa kwanza na nuru hutokeza kama nyota. Mvukuto uliotoboka waweza kubadilishwa. Kitako kilichopinda akiache dukani. Na fedha zitakazosalia azitie katika stendi ya miguu mitatu iliyo nzito, asizitie katika lenzi ya pili.

Nilirudi Ngomeni mwezi wa Agosti na Crown iliyokwaruzika ngozi, nikafunga kikapu cha mawe chini ya stendi, na jua lilipokwisha kuzama nikaifungua lenzi kwa sekunde mbili katika upepo uleule. Katika picha ile mashimo ya matumbawe yanahesabika moja moja tangu chini hata juu ya ukuta, na pale juu yuko kunguru aliyegeuza kichwa: kichwa hicho ndicho pekee kilichotoka na ukungu.