Mwizi mwenye ufunguo wa nyumba



Tukisikia habari ya wizi kwenye kompyuta, wengi wetu tunawaza mtu wa mbali, amejifungia chumbani usiku. Wale wako, ndiyo. Lakini kuna mwingine tunayemusahau: eko ndani, tunakula naye, ana ufunguo na neno la siri.

Mwaka 2019, Marekani ilishitaki watu wawili waliokuwa wafanyakazi wa Twitter. Hawakuvunja mlango wowote. Walishitakiwa kwa kutumia ruhusa ya kazi yao ili wapeleke Saudi Arabia habari za siri za watu waliokosoa ufalme ule. Mmoja alihukumiwa mwaka 2022.

Sasa turudi kwetu. Goma ni mji wa orodha. Orodha ya waliokimbia vita wakapita Kanyaruchinya na Bulengo, orodha ya mama waliobakwa, orodha ya waliopokea makuta kwa simu, orodha ya wanachama. Majina, kartie, namba za simu. Tangu M23 ilipochukua mji mwezi wa kwanza 2025, hatuhitaji mwalimu wa kutufundisha: orodha ikitoka ofisini, haipotei karatasi, anapotea mtu.

Na si kila hatari inatoka kwa mtu mubaya. Neno la siri moja, watu kumi, limebandikwa ukutani. Kijana wa staji alimaliza zamani, lakini mpaka leo anaingia kwenye imeili ya shirika. Mhasibu peke yake anatuma makuta, peke yake anahakikisha. Siku kitu kikipotea, wa kwanza kusingiziwa ni mulinzi wa mlango!

Dawa haiombi makuta mingi. Kila mtu awe na neno lake la siri, na uhakikisho wa pili kwenye simu. Aone tu kile kazi yake inaomba. Siku anaacha kazi, siku ile ile milango yote ifungwe. Makuta yatoke kwa mikono ya watu wawili. Kompyuta iandike nani aliingia na alichukua nini, na mtu asome yale maandishi. Mtu akianza kukopi faili nyingi usiku bila sababu, ao akikataa kabisa mwenzake ashike kazi yake hata siku moja, aulizwe kwa heshima. Kuuliza si kushitaki.

Na nyinyi wakubwa wa kazi: mutu anafanya miezi sita bila mshahara, na ndiye anashika ufunguo wa sanduku. Hiyo hatari nani aliijenga?

Lakini tuseme wazi: maneno haya yasitumiwe kwa kuziba watu midomo. Gradi Koko na Navy Malela walifanya kazi ndani ya Afriland First Bank huku Congo. Karatasi walizotoa zilisaidia Global Witness na PPLAAF kutoa ripoti mwaka 2020 juu ya Dan Gertler na vikwazo vya Marekani. Gertler na banki walikana. Septemba ya mwaka ule ule, tribinali ya Kinshasa iliwahukumu wale wawili kifo, bila wao kuwepo. Kifo, juu ya karatasi!

Anayeuza orodha ya wanyonge ni adui wa ndani. Anayeonyesha raia mahali makuta yao yanapitia ni mulinzi wao. Tunadai alindwe. Na shirika lenye kusikiliza malalamiko ndani halitaogopa karatasi kutoka inje.

Sheria ya mambo ya dijitali ya Machi 2023 inasema habari za mtu zilindwe. Tusingoje Kinshasa ije kuitekeleza kwetu. Leo jioni fungua kikundi chenu cha WhatsApp. Nani anakiongoza? Nani aliondoka kwenye kazi lakini angali anasoma yote? Tuanze pale. Sisi wenyewe tumeanza, na tulikuta majina ambayo tulikuwa tumesahau.