Ufugaji wa jongoo bahari usiwe neema ya mabwanyenye pekee

MKAZI wa Kitisuru, mtaa wa kifahari magharibi mwa jiji la Nairobi, huenda asimtambue jongoo bahari hata akiwekewa mezani. Kiumbe huyo hajawahi kuwa kitoweo cha Wakenya. Hata wavuvi wa Vanga, Gazi na Shimoni wanaomvua aghalabu hawamli. Humtoa matumbo, wakamchemsha na kumkausha, kisha wakamuuza kwa wachuuzi ambao shehena zao huishia Hong Kong na China, anakothaminiwa kama chakula cha karamu na dawa.

Hata hivyo, huku Pwani ikianza kugeukia ufugaji wake, yamkini uamuzi kuhusu nani atakayenufaika utafanywa katika afisi za Nairobi wala si katika fuo za Kwale.

Haja ya ufugaji haina ubishi. Jongoo bahari hana mbio wala meno, na anayemvua humwokota tu kama embe lililoanguka. Mnamo 2003 Kenya ilipiga marufuku matumizi ya mitungi ya hewa katika uvuvi wake. Tanzania Bara nayo ilifunga uvuvi huo mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Hatua za aina hiyo pekee hazitoshi. Dume na jike humwaga mbegu na mayai majini, na wanapokuwa wachache na waliotawanyika, mbegu hazikutani na mayai. Eneo lililofagiliwa huweza kukaa miaka mingi bila kujaa tena.

Majirani wetu wametangulia. Kusini magharibi mwa Madagascar, wanavijiji hufuga jongoo mchanga, aina yenye bei nzuri, ndani ya nyua za nyavu katika maji ya kina kifupi. Kampuni huwatotolea vifaranga, nao huwalea kwa takriban mwaka mmoja kisha kampuni hiyo ikawanunua. Zanzibar nayo ina kituo cha kutotoa vifaranga huko Beit el Ras, kilichojengwa kwa usaidizi wa Korea Kusini na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO).

Kabla ya Kenya kuwafuata mbiombio, ni vyema ikumbuke yaliyowapata wafugaji wa samaki wa bara. Mnamo 2009, kupitia mpango wa kufufua uchumi, serikali ilianza kugharamia uchimbaji wa vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140. Mavuno ya samaki wa kufugwa yalipanda kutoka takriban tani 4,000 mwaka 2008 hadi karibu tani 24,000 mwaka 2014. Kufikia 2017 yalikuwa yameporomoka hadi takriban tani 12,000.

Vidimbwi vingi vilitelekezwa kwa sababu vifaranga bora vilikuwa adimu na chakula cha samaki kilikuwa ghali. Mavuno yalipoinuka tena, yaliinuliwa zaidi na vizimba vya Ziwa Victoria, biashara inayohitaji mtaji mkubwa. Mradi ulioanza kwa jina la mkulima mdogo ukaishia kumpa nafasi mwenye fedha.

Jongoo bahari ana nafuu moja: hali chakula cha kununua. Humeza mchanga, akafyonza mabaki ya viumbe na mimea yaliyomo, kisha akautoa ukiwa safi. Lakini tatizo la vifaranga liko pale pale, tena ni zito zaidi, kwani kuwatotoa kunahitaji maabara, maji safi ya bahari na mwani mdogo wa kuwalisha wangali wachanga. Mvuvi hawezi kujijengea kituo kama hicho. Asipokuwa na pa kupata vifaranga, atawaokota baharini na kuzidisha uhaba ule ule.

Kuna suala jingine lisilozungumzwa sana, nalo ni umiliki. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinasema kuwa ardhi yote iliyo kati ya mpaka wa maji kujaa na mpaka wa maji kupwa ni ardhi ya umma. Hushikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi, na kusimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi (NLC). Nyua za jongoo bahari hujengwa papo hapo, au hatua chache kuelekea kina.

Kwa hivyo, kina mama wanaolima mwani Kibuyuni wanaweza kutumia ufuo kwa miaka mingi bila hati yoyote mkononi. Mwenye wakili na akiba ya benki, awe anaishi Kitisuru au ng'ambo, ndiye mwepesi wa kuomba kibali. Wapwani wanayajua madhila ya kuitwa maskwota katika ardhi ya mababu zao, na ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilifichua jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria kote nchini. Itakuwa aibu mtu akifanywa skwota baharini pia.

Mtaji wa Nairobi unahitajika, na mwekezaji ana haki ya kupata faida. Nafasi inayomfaa ni kutotoa vifaranga, kukausha na kusafirisha, ilhali nyua zenyewe ziachiwe vikundi vya kusimamia fuo (BMU) na vya wakulima wa mwani. NLC na kaunti za Kwale, Kilifi na Lamu zinafaa kupima maeneo hayo na kuvipa vikundi hivyo vibali kwanza, bila kuziba njia za wanaookota chaza na pweza maji yanapokupwa.

Bei nayo iandikwe katika mkataba kulingana na uzito, kwani jongoo bahari akikauka hupoteza zaidi ya tisa kwa kumi ya uzito wake, na mfugaji asiyejua hesabu hiyo hupunjwa kwa urahisi. Ulinzi usisahaulike: mali ya thamani isiyoweza kukimbia humvutia mwizi, na Madagascar imelazimika kuweka walinzi usiku.

Serikali ikianza kwa kutoa vibali vya mashamba kwa wenye fedha na kuahidi haki za wenyeji baadaye, bahari itakwenda njia ya viwanja vya ufuoni. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.