Bao Lina Nafasi Maktabani

Jumamosi iliyopita nilipita karibu na maktaba moja hapa jijini nikaona jambo lililonisimamisha. Hatua kumi hivi kutoka langoni, wavulana wanne walikuwa wameinamia kipande cha katoni kilichochorwa miraba. Walikuwa wakicheza drafti kwa vizibo vya soda, vya mmoja vikiangalia juu na vya mwenzake chini. Nikamwuliza mmoja wao mbona haingii maktabani.

"Mzee, mle ni kwa watu wa mitihani," akanijibu bila kuinua macho.

Jibu hilo lilinichoma. Mtoto anayedhani kuwa maktaba ni ya mtihani tu ataiaga siku atakapoweka kalamu chini. Na wengi wetu ndivyo tulivyowafunza.

Maoni yangu ni kwamba maktaba ziwatengee watoto chumba kando na ukumbi wa kusomea, hata kama ni alasiri moja tu kwa juma. Humo wawekewe drafti, sataranji, ludo na hasa bao letu.

Usilidharau bao, msomaji. Lile linalochezwa pwani lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Kabla hajaweka hata moja, inambidi akadirie mchezo wake utaishia shimo gani na mwenzake atajibu vipi. Hesabu hiyo yote hufanywa kichwani. Mtoto anayenuna akitajiwa hesabu darasani utamkuta akiifanya hapo kwa furaha. Tena hujifunza kungoja zamu yake, na kushindwa bila kurusha ngumi.

Najua wakutubi watasema nini. Kelele! Kamari! Kete zitapotea! Basi kelele zifungiwe mlango. Kamari ipigwe marufuku tangu siku ya kwanza. Nazo kete zihesabiwe zikitolewa na zikirudishwa, kama vitabu vinavyoandikwa vikiazimwa.

Wengine watasema hiyo si kazi ya maktaba. Lakini shirika la maktaba la taifa, KNLS, lilianza mwaka 1996 kuwabebesha ngamia vitabu huko Garissa ili kuwafikia wafugaji wanaohamahama. Halikungoja msomaji aje, lilimfuata aliko. Yule mvulana wa vizibo hahitaji ngamia. Yuko hatua kumi kutoka langoni.

Nawe mzazi, usiwaachie wakutubi peke yao. Utakapompeleka mwanao maktabani, mwulize mkutubi kama atalipokea bao ukilileta. Akikubali, keti na mwanao mcheze. Akikushinda, kubali kushindwa naye akuone ukikubali. Kisha kabla hamjatoka, mwache achague mwenyewe kitabu kimoja cha kwenda nacho nyumbani, hata kama hakimo katika orodha ya shule.