Mbeleko, Mshono na Siku Arobaini

Katika mijadala yetu ya siasa na soka, neno mbeleko limegeuzwa kuwa kejeli. Mgombea aliyepita bila jasho tunasema amebebwa kwa mbeleko. Timu iliyopewa penalti ya utata, vivyo hivyo. Tumeizoea maana hiyo kiasi cha kusahau kwamba mbeleko yenyewe ni kitambaa, na kwamba kubeba kwa kitambaa hicho ni kazi inayofanywa na mtu mwenye mgongo, kiuno na tumbo. Leo nazungumzia mbeleko kwa maana yake ya asili, tena katika hali mahususi: mama aliyejifungua kwa upasuaji, amerejea nyumbani Keko, na sasa analazimika kuamua ambebe mwanawe kwa kitu gani na kwa namna gani.

Wapo watakaosema hilo ni jambo dogo, la kuachiwa wanawake wenyewe na wakwe zao. Hoja yangu ni kwamba ndani ya uamuzi huo mdogo zimo afya ya umma, sheria ya kazi, mipango miji na wajibu wa mwanamume.

Tuanze na ukubwa wa jambo. Upasuaji wa uzazi si tukio la nadra tena nchini. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2015/16 ulionyesha kuwa takriban asilimia 6 ya uzazi ulikuwa kwa upasuaji. Ule wa 2022 ukaonyesha takriban asilimia 11. Shirika la Afya Duniani lilitaja mwaka 1985 kiwango cha asilimia 10 hadi 15 kuwa cha kuridhisha. Kwa hiyo, kwa ujumla wa nchi, ongezeko hili linaweza kusomwa kama ishara kwamba wanawake wengi zaidi wanafikiwa na huduma inayookoa uhai. Hata hivyo, vibarazani bado husikika maneno kwamba aliyepasuliwa hakuujua uchungu, au alikuwa mvivu wa kusukuma. Maneno hayo yana madhara. Mama anayetaka kuthibitisha kuwa si mvivu huinuka kitandani kabla ya wakati.

Na wakati una sababu zake. Katika upasuaji huo hukatwa ngozi na tabaka zilizo chini yake, misuli ya tumbo hutenganishwa, kisha mji wa mimba hufunguliwa na kushonwa. Ngozi huweza kuonekana imefunga ndani ya wiki mbili, lakini tabaka za ndani huendelea kujiunga. Ndiyo maana wataalamu huzungumzia takriban wiki sita za kupona, na mama huambiwa asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake.

Sasa tuje kwenye mbeleko. Kumfunga mtoto mgongoni kwa kanga humtaka mama ainame, amlaze mtoto mgongoni, kisha aikaze kanga na kufunga fundo huku mwili ukiwa umepinda. Kuinama huko, na nguvu ya kukaza, huvuta mahali palepale panapotakiwa kutulia. Zaidi ya hayo, shingo ya mtoto mchanga haijakaza, na akiwa mgongoni mama hauoni uso wake. Mgongo, basi, usubiri. Vibebeo vya dukani vyenye mkanda mpana wa kiunoni navyo vina shida yake: mkanda huo, ambao kwa mama mwingine huupunguzia mgongo mzigo, kwa aliyepasuliwa huweza kukandamiza mshono au sehemu iliyo jirani yake.

Kinachofaa zaidi katika wiki za mwanzo, ikiwa mama amekwishapata nafuu ya kutosha, ni kitambaa laini kinachomshika mtoto kifuani, juu kabisa ya mshono, uzito ukigawanywa mabegani na sehemu ya juu ya mgongo. Mtoto akae wima, uso wake uonekane, kidevu kisibanwe kifuani ili apumue vizuri, na magoti yawe juu kidogo ya makalio, mapaja yakiwa yametanuka. Mama aketi, na mtu mwingine amwinue mtoto na kumkabidhi. Akisikia maumivu au kuvutwa kwenye mshono, aivue mbeleko. Akipata homa, mshono ukitoa usaha au kufumuka, au damu ikimtoka kwa wingi, hilo si suala la mbeleko tena bali la kurudi hospitalini bila kuchelewa. Na katika yote, neno la daktari au mkunga aliyemhudumia ndilo linalotangulia.

Haya hayatulazimishi kuamini kwamba cha dukani ni bora kuliko kanga. Mmarekani Ann Moore alikuwa mfanyakazi wa kujitolea nchini Togo katika miaka ya 1960. Alivutiwa na jinsi akina mama walivyobeba watoto wao, na aliporudi kwao akatengeneza kibebeo cha Snugli, kilichopewa hataza mwaka 1969. Mwishoni mwa miaka ya 1970, madaktari wa Bogotá nchini Colombia walianza kuwalaza watoto njiti kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, na leo njia hiyo inapendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Maarifa ya kumbeba mtoto mwilini yalikuwa yetu pia, na sasa tunauziwa Kariakoo yakiwa na vifungo vya plastiki. Kwa hiyo swali la maana si la asili dhidi ya kisasa. Swali ni uzito unakaa wapi, na nani anamsaidia mama kuuweka hapo.

Swali hilo la pili ndilo linalotupeleka Keko. Mji mzima unaijua Keko kwa makochi na vitanda vya mafundi seremala wake, na kwa gereza lake. Makao makuu ya Bohari ya Dawa yapo Keko Mwanga. Dawa za nchi nzima zinaratibiwa hatua chache kutoka vichochoro vya Magurumbasi na Machungwa, ambako wapangaji wengi huishi familia nzima katika chumba kimoja, choo ni cha nyumba nzima, na maji hubebwa kwa ndoo. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Mtoto mchanga ana takriban kilo 3. Agizo la kutonyanyua kitu kizito kuliko mtoto huvunjwa na ndoo ya kwanza ya asubuhi.

Hapa ndipo mbeleko inapobadilika maana. Katika vitabu vya malezi, kibebeo husifiwa kwa kumpa mama mikono miwili iliyo huru. Lakini huru kwa kazi gani? Kwa mwenye msaidizi, mikono hiyo hushika kikombe cha uji. Kwa mama wa chumba kimoja, hushika ndoo, sufuria na beseni la nguo. Mbeleko iliyokusudiwa kuwaweka karibu mama na mtoto inakuwa kibali cha kumrudisha kazini mgonjwa aliyetoka chumba cha upasuaji wiki iliyopita.

Sheria inasemaje? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Inamzuia kufanya kazi ndani ya wiki sita baada ya kujifungua, isipokuwa mtaalamu wa tiba athibitishe kuwa anaweza. Akirudi kazini, ana hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Marekebisho ya 2025 yakamkumbuka mama wa mtoto njiti. Ni hatua za kupongezwa. Lakini aliyepasuliwa hana hata siku moja ya ziada katika likizo hiyo, na baba anapewa siku 3 tu, tena ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Kwa kuwa mama wa upasuaji hulazwa siku kadhaa, likizo ya baba huweza kumalizika mama akiwa bado wodini. Tena sheria hiyo inamhusu mwajiriwa. Mama lishe wa Chang'ombe na mshonaji wa Keko Toroli hawana mwajiri wa kumwomba hizo siku 84.

Mila zetu za pwani zilikuwa na jibu lake: arobaini. Mzazi alikaa ndani siku 40, akipikiwa na kuogeshewa mtoto. Si yote katika mila hiyo yanayomfaa aliyepasuliwa. Kumkanda tumbo kwa maji ya moto, kwa mfano, ni hatari kwa mshono. Lakini tazama hesabu: arobaini ya bibi zetu, wiki sita za daktari na wiki sita za sheria zinakaribiana mno. Wazee, tiba na Bunge wamekubaliana. Asiyekubali ni kodi ya chumba na foleni ya maji.

Najua jibu la baadhi ya watumishi wa umma watakaosoma hapa: serikali haiwezi kuingia chumbani mwa kila mzazi. Ni kweli, lakini ninayoyapendekeza hayahitaji hivyo. Kwanza, kabla ya kumruhusu mama aliyepasuliwa, wodi imwonyeshe kwa vitendo namna ya kumbeba mtoto kwa kanga aliyokuja nayo, na msaidizi wake awepo aone. Ni dakika kumi. Pili, mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024, unaolenga wahudumu zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano, uwape kipaumbele mama waliopasuliwa, na mhudumu aulize pia nani anachota maji. Tatu, likizo ya baba iongezwe, na ihesabiwe tangu mama anaporuhusiwa kutoka hospitalini pale alipojifungua kwa upasuaji. Wanaharakati wa haki za wafanyakazi wana hoja hapa iliyo tayari kupelekwa bungeni.

Hatua ya nne haihitaji Bunge. Wanafunzi wangu wa kiume hupenda kuniuliza nadharia ya usawa wa jinsia inatekelezwaje. Katika nyumba yenye mama aliyepasuliwa, hutekelezwa kwa ndoo: wiki sita mfululizo, asubuhi na jioni, ichotwe na mtu asiye na mshono.