Mutoto haoni tablo, munamwita zoba

Bandugu na badada wa Lubumbashi,

Kila mwaka Exetat ikitoka, munajua namna muji unakuwa. Pudra nyeupe ku kichwa, filimbi, motoka zinapiga honi toka Katuba mpaka Ruashi. Ni furaha ya haki, hatuiombei mabaya. Lakini leo tunataka kusema juu ya wale ambao hakuna mtu anawamwagia pudra, na kati yao juu ya kundi moja ambalo hatusikii likitajwa ku radio wala ku mikutano ya wazazi: vijana wenye akili na bidii waliopita miaka yote ya masomo bila kuona vizuri kile mwalimu aliandika. Wengine waliacha hata mbele ya kufika ku Exetat. Waliambiwa ni wazoba, na wao wenyewe wakaamini.

Tuseme wazi: kwetu, tablo njo kitabu. Ku masomo mingi ya muji huu mwanafunzi hana kitabu. Mwalimu anaandika resime ku tablo, kalasi nzima inakopia ku kaye, na ile kaye njo itasomwa usiku, na mwangaza wa telefone kama SNEL imekata. Mtoto wa inchi tajiri asiyeona ubao bado ana kitabu mkononi. Hapa, mwenye kukosa tablo amekosa yote. Tatu inakuwa nane. Alama ya kutoa inapotea katikati ya ekwasio, na hesabu nzima inaanguka. Anajaribu kukopia kwa jirani, anachukua na makosa ya jirani, kisha anaitwa mwizi. Ongeza kalasi iliyojaa, dirisha moja, tablo iliyochakaa mpaka chaki haishike, na yeye amewekwa nyuma juu ni murefu.

Hiyo hali iko na jina: myopi. Mtu anaona vizuri karibu, mbali ni ukungu. Inaanza mara mingi katika miaka ya masomo, na inaongezeka wakati kijana anakomaa. Njo maana mtoto aliyekuwa wa kwanza ku primeri anafika kalasi ya saba, ya nane, na pointi zinaanguka bila mtu kuelewa. Haumwi popote. Haliye. Hata yeye hajui, juu hajawahi kuona namna ingine. Anafikiri kila mtu anaona vile. Basi nyumbani kila mmoja anatoa sababu yake. Baba anasema ni telefone. Mama anasema ni marafiki. Shangazi anasema kuna mtu wa familia anamfunga, apelekwe ku maombi. Muombeni, bamama na bababa, hatukatazi. Lakini mupimishe na macho. (Kuna na wale wa upande ingine, wanaoona mbali lakini kusoma karibu kunawapasua kichwa. Hao wanaitwa wavivu.)

Na dawa yake haiko operasio, haiko ndege ya kwenda India. Ni vioo viwili na fremu.

Kuna mukubwa atasema tunatia chumvi, kwamba lineti haiwezi kubadilisha pointi. Ilishapimwa. Ku Uchina, ku majimbo ya Gansu na Shaanxi, watafiti walipima macho ya wanafunzi karibu 20.000, kisha wakagawa lineti za bure ku masomo fulani na kuacha zingine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: waliopewa lineti walipanda ku hesabu. Hawakuongezewa mwalimu. Hawakuongezewa saa ya kusoma. Waliona tu.

Tuje karibu. Dar es Salaam, vijana wa kidato cha kwanza, utafiti wa mwaka 2008: kundi moja lilipewa lineti bure, lingine lilipewa karatasi ya munganga na kuambiwa wazazi wakanunue. Kiisha miezi mitatu, kati ya waliopewa bure karibu nusu walikuwa nazo ku masomo. Kati ya waliopewa karatasi, robo tu. Tunawaomba musome vizuri hizo namba, juu zinasema mambo mawili. La kwanza: kumpa mzazi karatasi na kumwambia «nenda ununue» ni kama kutofanya kitu. La pili ni letu sisi vijana: hata kwa bure, nusu hawakuzivaa. Juu ya nini? Juu ya kicheko. Juu ya sisi. Kijana anavaa lineti asubuhi, mu rekreasio anaitwa «kizee», msichana anaambiwa hatapata bwana, kesho yake lineti inabaki ku nyumba. Hapo hakuna Gavana wala Waziri wa kushitaki. Ni mudomo yetu. Na wale wanaosema lineti zinaharibu macho wanasema uongo: haziharibu, zinafanya tu uone.

Na Kenya, ku Trans Nzoia, walienda mbali zaidi. Walimu wa kawaida, si waganga, walifundishwa kupima macho na telefone, na wazazi wakatumiwa ujumbe wa kuwakumbusha. Matokeo ya 2018: watoto 54 ku mia kati ya walioonekana na shida walifika kwa munganga, mahali walipima kwa njia ya zamani walifika 22. Telefone, bandugu. Ile ile yenye kobalti ya kwetu ndani. Kongo inatoa zaidi ya 70% ya kobalti ya dunia, na hapa, mutoto wa Ruashi hajapimwa jicho hata siku moja.

Sasa tufike ku makuta, juu tunajua jibu litakuwa «hakuna makuta».

Sheria ya mines namba 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018 inagawanya redevansi ya mines hivi: 50% serkali ya Kinshasa, 25% mukoa, 15% muji ao komini ambako mine inachimbwa, 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Kuachana na hiyo, kila kampani inayochimba inapashwa kutoa angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa pale. Hatuombe sadaka. Tunauliza: kati ya hiyo 15, kati ya hiyo 25, kati ya hiyo 0,3, ni ngapi ilinunua karatasi moja ya herufi ya kubandika ku ukuta wa kalasi? Na «kizazi kijacho» ni nani, kama si kijana wa kalasi ya nane?

Wazee wetu wa Gécamines wanajua kitu tumepoteza. Hatuimbe sifa za kampani, tunajua na mabaya yake. Lakini mtoto wa mfanyakazi alikuwa na masomo na hospitali chini ya mkono mmoja. Mwaka 2003 zaidi ya watu 10.000 waliondolewa kazini kwa mpigo, na familia zao zikatoka pamoja nao. Mines zilirudi. Hospitali ya mutoto wa masomo haikurudi.

Katiba, kifungu cha 43, inasema masomo ya primeri ni lazima na ni ya bure. Tangu Septemba 2019 serkali inajisifu na hiyo bure, na ni kweli imeingiza watoto wengi ku kalasi. Lakini bure ya kukaa miaka sita mbele ya ukungu ni bure ya nini? Na ku segonderi, pale myopi inakaza, mzazi bado analipa. Mutoto akidubula, analipa mwaka ule ule mara mbili. Hesabuni wenyewe kama lineti si bei chini kuliko kudubula. Wizara leo inaitwa ya Elimu ya Taifa na Uraia Mupya. Jina ni zuri. Tungependa raia mupya apimwe macho.

Tunachotaka ni kidogo, na kinaweza kuanza Septemba hii. Kila masomo, ya serkali na ya binafsi, ipime macho ya kalasi ya saba na ya nane mwanzo wa mwaka. Mwalimu anaweza kufundishwa kazi hiyo bila kuwa munganga. Atakayeonekana na shida apewe lineti, si karatasi. Ilipwe na sehemu ya redevansi ya mukoa na ya komini, na hesabu ibandikwe ku mlango wa komini tuisome. Makonseye wa komini tuliowachagua tarehe 20 Desemba 2023 watuambie kama walishasikia hili neno mu kikao. Na walimu wetu, tunajua mushahara wenu, hatuwaongezee muzigo: muwekeni mbele yule anayefinya macho, na musimupige juu ya kukopia.

Tafazali, musikimbilie lineti za mu karai ku soko ya Kenya. Zile mingi ni za wazee, za kusomea karibu; kwa mutoto wa myopi zinaongeza ukungu.

Wewe unayesoma hii mu telefone yako, usingoje komini. Leo mangaribi, mbele ya giza, ita mudogo wako inje. Mufunike jicho moja, kisha lingine, na musome pamoja plaki ya motoka iliyo mbali. Kama wewe unasoma na yeye anafinya macho, kesho muongozane mpaka ku hospitali, na asubuhi ile ile mumuombe prefe amuweke mustari wa mbele. Kisha utuandikie: komini gani, masomo gani, kalasi gani, bila jina la mutoto. Tutakusanya na kupeleka ile liste ku kila komini, mbele bajeti haijapigiwa kura.