Sekunde Mbili za Vigogo, Vumbi la Kasokola

Ubishi wa vijiweni siku hizi si Simba na Yanga peke yake. Watu wanakunja ngumi kwa sababu ya magari wasiyoyamiliki: eti kati ya Land Cruiser 300 na Range Rover mpya, lipi linachanganya zaidi? Wabishi wenyewe wamekuja kijiweni kwa bodaboda, na wengine nauli wamekopa. Hebu tuwakate kiu kwanza, halafu nasi tuulize la kwetu.

Kwa takwimu za viwanda vyenyewe, Range Rover ya petroli, ile yenye V8 ya lita 4.4 na turbo mbili, inatoka sifuri hadi kilometa 100 kwa saa kwa sekunde 4.6. Ina nguvu za farasi 530. Land Cruiser 300 ya petroli, iliyozinduliwa Juni 2021, ina V6 ya lita 3.5, turbo mbili na nguvu za farasi 409. Yenyewe inataka sekunde 6.7. Tofauti ni sekunde mbili na kidogo. Mwingereza kashinda, ingawa huyo Mwingereza injini kaichukua kwa Mjerumani BMW, na tangu 2008 mwenye kampuni ni Tata wa India.

Na wale wanaoendelea kuliita hilo 300 "V8" waache. Silinda nane ziliondoka na lile la zamani, Land Cruiser 200, lililotengenezwa kuanzia 2007 hadi 2021. Lile la dizeli, ambalo wakubwa wengi walizoea kulalia kiti cha nyuma, lilikuwa likihitaji karibu sekunde tisa kufika hiyo mia. Kwa hiyo shangingi jipya limepunguza silinda mbili na likaongeza mbio. Mjapani hana mchezo.

Ubishi umekwisha? Bado. Hizo sekunde zinapimwa kwenye lami kavu. Sasa yalete magari hayo Kasokola, kata ya Manispaa ya Mpanda, kwenye njia zetu za vumbi.

Gari halisukumwi na injini peke yake. Linasukumwa na mshiko wa tairi na ardhi. Ili kufika kilometa 100 kwa sekunde 4.6, tairi lazima ziishike ardhi kwa nguvu inayozidi sita ya kumi ya uzito wa gari. Lami kavu inatoa mshiko huo na zaidi. Vumbi lenye changarawe linatoa kama nusu tu, na tope la masika hata theluthi halifikishi. Dereva wa Range Rover akikanyaga mafuta hadi mwisho, kompyuta ya gari itamkata nguvu ili tairi zisizunguke bure. Farasi 530 watafungwa kamba. Land Cruiser, ambalo lilihitaji mshiko wa nne ya kumi hivi, litamkaribia. Zile sekunde mbili za kiwandani zinabaki kwenye karatasi.

Tuwe wa haki, yapo ambayo turbo inasaidia huku. Mpanda iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Na kwenye barabara kuu, unapotaka kulipita lori lililosheheni tumbaku, gari linalochanganya haraka linakutoa upande wa hatari mapema. Hilo hatubishi.

Lakini kuchanganya ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni kusimama, na hiyo kijiweni haitajwi. Magari yote mawili yana uzito wa karibu tani mbili na nusu. Dereva aliye kwenye kilometa 100 kwa saa, akimwona mtoto katokeza na dumu la maji, anatumia sekunde moja kuelewa na kukanyaga breki. Katika sekunde hiyo kaenda mita 28. Kisha kwenye vumbi lenye mshiko wa nusu anahitaji karibu mita 80 nyingine. Jumla zaidi ya mita 100, urefu wa uwanja wa mpira. Kwa kilometa 50, mwendo ambao sheria inaruhusu kwenye makazi ya watu, angesimama ndani ya mita 35. Punda, ng'ombe na mtoto wa shule hawajui kama linalokuja lina sekunde nne au sita.

Taifa hili lina kumbukumbu. Aprili 12, 1984, pale Dakawa, Morogoro, gari la Waziri Mkuu Edward Sokoine liligongana na Land Cruiser, na Sokoine akafa. Kama barabara ilimchukua waziri mkuu akiwa msafarani, itamwacha nani?

Sasa swali letu. Range Rover ni ya tajiri wa mjini, mafuta atajilipia. Shangingi ni letu sisi walalahoi. Zamani tuliwaita wakubwa wabenzi. Miaka ya 1990 wakahamia Land Cruiser VX, na mtaa ukayapa magari hayo jina la mashangingi, jina lisilo la heshima hata kidogo. Serikali yenyewe, katika hotuba ya bajeti ya Juni 2022, ilikiri mzigo huo ikapendekeza maofisa wakopeshwe magari wayatunze wenyewe. Wazo zuri. Mwenye kulipia tairi mwenyewe hulipita shimo taratibu.

Lipo Land Cruiser jingine ambalo hatujaona mtu akilibishania. Ni lile jeupe la mwili mrefu, lenye injini ya dizeli ya lita 4.2, silinda sita zilizopanga mstari, bila turbo, farasi 130 hivi. Ndilo linalobeba wagonjwa sehemu nyingi za nchi. Kampuni moja, jina moja: bosi anayewahi semina kapewa farasi mara tatu ya mama mwenye uchungu wa kuzaa. Wala hatusemi mama huyo abebwe kwa farasi 409. Gari lile ni gumu, linafaa rafu rodi, fundi yeyote analijua. Mama hapotezi muda kati ya sifuri na mia. Anaupoteza kabla gari halijawashwa: dereva anatafutwa, mafuta yanachangishwa na ndugu, tairi ya akiba haipo. Hapo hatuhesabu sekunde, tunahesabu masaa.

Madiwani wa Mpanda wakikaa kwenye bajeti, waombe vitabu viwili vya safari, cha gari la mkubwa na cha gari la wagonjwa. Waviweke mezani pamoja, wasome ni siku ngapi kila moja lilisimama kwa kukosa mafuta.